Mita Mbili Upande wa Kulia

Tarehe 4 Machi

Mwanangu, Mwalimu wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mimi mzima, mgongo tu ndio una mambo yake. Askari wa getini anayesoma barua zetu anasema mwandiko wako umenyooka kuliko wa mkubwa wake. Nimemwambia, huyo ni binti yangu, mwalimu wa hesabu, si mchezo. Akacheka. Basi asome na hii, imfae.

Nina habari. Kamati ya kupitia hukumu inakuja hapa gerezani tarehe 3 Julai na jina langu limo. Kila mtu anapewa nusu saa. Wakiridhika, naweza kutoka. Mama, nimebakiza miaka minane katika ile kumi na minne. Nikiimaliza yote nitatoka hapa mzee wa kushikwa mkono.

Yaliyotokea mahakamani unayakumbuka, ila niache niyaseme tena, nikiyasema napumua. Mchoro wa mhandisi ulisema mtaro utoke kwenye kona ya ukuta, uende mita ishirini, ukutane na ukuta kwa pembe mraba. Nikachomeka kigingi mwisho wa mtaro, tukachimba kufuata kamba. Kumbe chini ya pale palikuwa na shimo la zamani la taka, limefukiwa. Kingo zikaanguka. Mrefu, kibarua wangu, alikuwa ndani. Tulimfukua kwa mikono, na tulichelewa. Mwendesha mashtaka akasema kigingi nilikisogeza makusudi, mita mbili upande wa kulia, nipate udongo laini nimalize kazi mapema. Nikasema sikusogeza kitu, nilikiweka pale hesabu ilipoonyesha. Hakimu akauliza, hesabu alifanya nani? Nikajibu, mimi. Unajua mwenyewe kwa nini nilijibu hivyo, tuliache hapo. Wakaniletea ubao na chaki, nifanye mbele yao. Nilisimama pale mpaka chaki ikalowa jasho. Watu walicheka, mke wa Mrefu akaangua kilio, na mimi nikawa mwongo tangu siku hiyo.

Sasa nataka unifundishe. Mimi nimeishia darasa la nne lakini kichwa hakijaota kutu. Nataka nisimame mbele ya kamati, nichukue chaki, niwaonyeshe mstari wangu ulivyotoka hadi kwenye kigingi. Hesabu ile ilikuwa sawa. Aliyekosea ni mchoraji wao, hakupaswa kutupitisha juu ya shimo.

Anza mwanzo kabisa, nifanye mtoto wa darasa lako.

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Shikamoo baba,

Nimefurahi kusikia habari ya kamati. Shangazi anakusalimu, cherehani inamwumiza magoti lakini hataki kusikia neno kupumzika.

Tuanze. Chukulia uwanja mzima umechorwa miraba ya mita moja moja. Kila mahali pana namba mbili: ya kwanza ni hatua za kwenda kulia, ya pili ni hatua za kwenda juu. Ukisema (2, 3) maana yake kulia mbili, juu tatu. Basi, hizo ndizo majiranukta, jina kubwa kwa kitu kidogo.

Mstari una mteremko. Unahesabu umepanda hatua ngapi, unagawanya kwa hatua ulizokwenda kulia. Ukitoka (1, 1) kwenda (5, 3), umepanda mbili, umekwenda kulia nne. Mbili kwa nne ni nusu. Mteremko ni nusu.

Fanya hii: kutoka (2, 3) kwenda (8, 6). Nitumie jibu. Usifanye haraka, baba, muda upo.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwalimu,

Nusu! Umepanda tatu, umekwenda sita, nusu. Usinipe za watoto.

Nimechora miraba sakafuni kwa kipande cha mkaa, huku jirani yangu wa kitanda, tunamwita Kinyozi, ananiuliza kama nataka kucheza drafti peke yangu. Sasa na yeye anajifunza. Jana amekosa mteremko mmoja nikamwambia apige magoti. Tumecheka hadi tukafokewa.

Nimefanya na ya ule ukuta wetu, namba zake nimezikariri kama jina langu. Kona moja (2, 3), kona nyingine (22, 4). Umepanda moja, umekwenda ishirini. Mteremko ni moja kwa ishirini. Ni sawa? Kinyozi anasema ni sawa lakini yeye simwamini hata na wembe.

Sasa nipe yenyewe, pembe mraba. Mimi maisha yangu yote pembe mraba nimeipata kwa skwea na kamba: tatu huku, nne huku, tano katikati, basi. Siku ile ndiyo sikuweza, kona ya ukuta ilikuwa imefunikwa na lundo la mchanga, nikabaki na vigingi vya mpimaji na karatasi tu. Nieleze pembe mraba ya kwenye karatasi inapatikanaje.

Baba yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kuyasema haya kwenye simu, na huku ninapokaa kuta ni nyembamba. Ukimaliza kusoma chana.

Baba ameniomba nimfundishe hesabu ya ule mstari. Wewe tu ndiye unayejua kwamba kosa lilikuwa langu. Jioni ile alirudi na mchoro, akaniambia mama hebu nipigie hii, nikaipiga kwenye daftari langu la shule huku nasikiliza redio. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa wa kwanza darasani, nani angenikagua?

Nikueleze kosa lenyewe kwa lugha nyepesi. Ukitaka mstari unaokata mwingine kwa pembe mraba, unafanya vitu viwili. Unapindua namba juu chini, halafu unaweka alama ya hasi. Kupindua nilipindua. Hasi niliisahau. Mtaro ulitakiwa upande ishirini huku ukienda kushoto hatua moja. Mimi nikaupeleka kulia hatua moja. Kigingi kilitakiwa kiwe (21, 24), mimi nikaandika (23, 24). Mita mbili, shangazi. Baba alichomeka kigingi pale nilipoandika, na Mrefu akafa pale.

Nilikuja kujua wiki ya kesi, tulipofundishwa upya darasani. Nikakuletea daftari nikilia, nikakwambia niende nikaseme. Ukanikataza.

Sasa nikimfundisha baba vizuri, atapiga hesabu ya ukuta wake, atapata ishirini na moja, na atajua ni mimi. Nifanye nini?

Mimi, mtoto wako


Tarehe 12 Aprili

We mtoto,

Marahaba. Nimesoma mara tatu na nimechana.

Sikiliza. Siku ile nilikukataza kwa sababu nilijua watamwachia. Fundi aliyefanya kazi miaka ishirini, hana doa, nani angefikiri watampiga miaka kumi na minne? Nilisema tukae kimya, wewe umalize shule, yeye arudi, yaishe. Daftari nikalitia jikoni likaungua lote mpaka jalada. Nilikosea? Labda. Lakini sasa ukisema, nani atapona? Mrefu atarudi? Wewe kazi utaipoteza. Na mimi wataniuliza kwa nini nilichoma ushahidi, nami sina umri wa kwenda kulala chini.

Kaka yangu anataka kitu kimoja tu, ajisikie hakuwa mwongo. Mpe hicho. Mwache apate ile ishirini na tatu yake.

Unanielewa. Na hii ichane.

Shangazi yako


Tarehe 20 Aprili

Shikamoo baba,

Mteremko wa ukuta umepatia. Hongera.

Kupata mteremko wa mstari unaokutana nao kwa pembe mraba, unapindua ile namba juu chini. Moja kwa ishirini inakuwa ishirini. Ni hivyo tu.

Kisha unautoa kwenye kona, (22, 4). Mlinganyo wake ni: y toa 4 ni sawa na 20 mara (x toa 22). Ukiufungua unapata y = 20x − 436. Mtaro ulifika juu hadi 24. Weka 24 mahali pa y, utafute x.

Samahani nimeandika kwa kifupi, nina mitihani ya kusahihisha.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwalimu wangu! Mwalimu wangu!

Ishirini na tatu! Nimepata x ni ishirini na tatu! Kigingi changu kilikuwa (23, 24), imeandikwa hivyo kwenye hukumu, ukurasa wa saba. Nimeifanya mara tano. Nimemfanyisha Kinyozi bila kumwambia jibu, naye kapata hiyo hiyo. Nililia, mama. Mwanamume mzima nimekaa kwenye ndoo nikalia, Kinyozi akaniachia sabuni yake ninawe uso.

Miaka sita, kuna siku nilikuwa najiuliza labda ni kweli nilisogeza. Labda mkono wangu uliona udongo laini ukaniponza bila mimi kujua. Mtu akiitwa mwongo kila siku anaanza kujikagua mifukoni. Sasa basi. Kigingi kilikuwa mahali pake.

Jambo moja dogo. Nilipochora mistari yote miwili sakafuni, nikaweka kona ya kitabu pale inapokutana, naona haikai sawasawa. Inaachia kidogo upande mmoja. Sakafu hii imebonyea, na macho yangu si yale. Siku ile ya kazi pia nilipovuta kamba niliona kama imelala kidogo kulia. Mrefu mwenyewe aliniambia, fundi, mbona huu mstari unakwenda kama mlevi? Nikamwambia nyamaza, hii imepigwa hesabu na kichwa kikali kuliko chako. Tukachimba.

Nimekwisha kuiandikia kamati kwamba nitafanya hesabu ubaoni.

Baba yako, mwenye furaha


Tarehe 10 Mei

Shangazi,

Nimefanya ulivyosema, naye amepata ile ishirini na tatu. Anataka kusimama ubaoni mbele ya kamati. Wamo wahandisi. Watamwona mara moja. Nimemwambia baba yangu uongo ndani ya hesabu, kitu pekee ninachojua kukifanya vizuri. Wanafunzi wangu wakikosa alama ya hasi nawapa sifuri.

Nikubalie niseme. Na wewe useme ulichoma daftari.

Mimi


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Mimi sijachoma kitu. Na ukinitaja, nitasema hivyo hivyo mbele ya yeyote. Nimekulea tangu mama yako afe, usinilipe kwa kunitia pingu.

Mwandikie asiende ubaoni. Mwambie aombe huruma tu, aseme mgongo unamwuma, wazee wanahurumiwa.

Shangazi yako


Tarehe 30 Juni

Baba,

Naomba usifanye ile hesabu mbele ya kamati. Nimekufundisha vibaya, na si kwa bahati mbaya.

Baada ya kupindua namba, lazima uweke hasi. Mteremko wa mtaro ni hasi ishirini. Mlinganyo wa kweli ni y = −20x + 444. Weka 24 utapata 21. Kigingi kilitakiwa kuwa (21, 24).

Kosa nililifanya mimi, jioni ile, mezani. Nimelijua tangu wiki ya kesi. Nilinyamaza ukafungwa. Ulipoomba nikufundishe, nikakuficha alama ile ile ili usinijue. Najua barua hii inasomwa getini na iwe hivyo. Onyesha kamati barua hii. Nitakuja kusema mwenyewe.

Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Nimeharibu, baba. Nimekuharibia maisha.

Mwanao


Tarehe 4 Julai

Mwanangu Mwalimu,

Jana nimekwenda mbele ya kamati. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa watu.

Walikuwa watatu. Nikawaamkia, nikaomba chaki, nikaandika yote kama ulivyonifundisha. Nilipofika ishirini na tatu niligeuka nikawatazama, nikangoja. Mmoja wao ni mama mhandisi, mwenye miwani, mpole. Akainuka, akachukua chaki kutoka mkononi mwangu, akaweka kimstari kidogo mbele ya ile ishirini yangu. Akasema, mzee, hapa pana hasi. Akaendelea kushuka, akapata ishirini na moja. Akaniuliza taratibu, hii sheria alikufundisha nani? Nikasema nimejifunza mwenyewe vitabuni.

Nikawaambia, basi mnaona kwamba nilikosea, sikusogeza makusudi, mtu anayejua sheria nusu ataweka kigingi palepale. Mwenyekiti akasema, mzee, umekuwa na miaka sita ya kutafuta kosa linalofanana na kigingi chako. Akauliza kama nina karatasi ya siku ile. Sina. Wakanishukuru. Jibu bado wanaandika lakini uso wa mtu unajieleza.

Sasa nikwambie wewe. Nilipokuwa narudi nilielewa. Kama ulisahau hasi mwaka huu, na siku ile uliisahau. Mama, usilie. Ulikuwa mtoto, nami nilikupa kazi ya watu wazima kwa sababu niliona aibu kumwambia mhandisi kwamba sielewi mchoro wake. Hata kamba iliniambia sikuisikiliza. La Mrefu ni langu. Ukikosea umekosea, walimu nao ni watu.

Baba yako anayekupenda


Tarehe 9 Julai

Barua yako ya tarehe 30 nimeipata jana. Ilikaa getini siku nane, askari alikuwa likizo.

Ile niliyokuandikia tarehe 4, ichane.

Nilikusamehe la mtoto. Nilikusamehe kabla hujaomba, na ilikuwa rahisi, nilijisikia vizuri hata. Hili la pili sijui nilishike wapi. Ulikuwa unajua. Uliniona nachora sakafuni na mkaa, mzee mzima, nafurahia ishirini na tatu, na ulikuwa unajua. Miaka sita umekuja kuniona kila mwezi, tukaongea habari za shule, ukala nami ile mikate ya kantini, ukaondoka. Ungesema neno moja mahakamani, ukaleta daftari, wangeniita mjinga. Mjinga hafungwi kumi na minne. Mimi niliitwa muuaji mvivu.

Najua baba mwingine angekwambia nyamaza, nitamaliza mwenyewe. Mimi nimechoka, mama. Sina hiyo tena. Nenda ukaseme. Kwa kamati kwanza, kisha kwa mke wa Mrefu, umtazame machoni. Kamati inafunga majalada tarehe 25. Barua yako nimewapelekea.

Kinyozi anauliza kwa nini sichori tena.

Baba


Tarehe 26 Julai

Shikamoo baba,

Nimekwenda jana. Nitakueleza kama ilivyokuwa, sitapunguza wala kuongeza.

Kabla ya kamati nilipita kwa mke wa Mrefu, asubuhi. Alikuwa anaanua nguo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale kwenye kamba. Hakunipiga wala hakulia. Alimaliza kukunja, akasema amewafundisha wanawe kulichukia jina lako kwa miaka sita, sasa awaambie nini? Akaniomba niondoke kabla watoto hawajarudi. Nikaondoka.

Kwenye kamati nilikaa saa nzima. Barua yangu ilikuwa mezani, ina mhuri wa gereza. Niliwaambia ni mimi niliyepiga hesabu, ni mimi niliyesahau alama, niliyenyamaza, niliyekufundisha uongo. Wakaomba daftari. Nikasema lilichomwa. Wakauliza na nani. Nikamtaja shangazi. Barua aliyonikiria nilishaichana, kama alivyoniagiza. Alikuwa nje, walikuwa wamemwita kama mlezi wangu, akaingia amevaa lile gauni lake la kanisani. Akaapa hajawahi kuona daftari. Akasema, mtoto huyu amechanganyikiwa, anampenda mno baba yake, tangu afungwe hajalala vizuri. Alisema hivyo huku amenishika bega, baba, na nadhani alikuwa analia kweli.

Yule mama mhandisi alikuwa na karatasi zangu za kazi. Akaniuliza nilipata ngapi kwenye hesabu mwaka ule ule wa ajali. Nikamwambia nilikuwa wa kwanza shule nzima. Akauliza wanafunzi wangu wamefaulu vipi mwaka huu. Nikamwambia wote. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma, akasema mwalimu wa namna hii hasahau alama, hata akiwa mtoto. Nikasema nilisahau. Nikarudia, mama, nilisahau, nilikuwa nasikiliza redio. Akaitikia kwa kichwa, hivi anavyoitikiwa mgonjwa.

Wakasema hukumu inabaki ilivyo. Miaka minane.

Nilipokuwa natoka mwenyekiti aliinuka kwenye kiti chake, mtu mzima yule, akaja mpaka mlangoni kunipa mkono. Akasema amekaa kwenye kamati hii miaka mingi, ameona watoto wanaowatupa wazazi wao hapa na kuwasahau. Akasema una bahati kuwa na binti kama mimi.

Nikamwambia asante.

Mwanao